Korongo Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 2 Februari 2026

Mvua tangu jana. Kamina nzima imelowa. Korongo la camp ya reli limekula jiko la Mama Mauwa! Jiko lote, na mafiga yake, na sufuria iliyokuwa juu yake. Sasa ukingo unakaribia ukuta wa chumba chake cha kulala. Mama Mauwa ni mama mkwe wangu, mjane wa fundi wa reli, na nyumba hiyo ndiyo kitu pekee alichoachiwa na marehemu.

Éliane, mke wangu, amerudi kutoka kule na matope hadi magotini. Hakuvua hata viatu. Alisema: "Baba Ève, nyumba ya mama ikianguka, mama atakuya kukaa huku. Njo vile." Kisha akaanza kusogeza vitu chumbani kwetu.

Nilikaa chini. Si kwamba simpendi mama mkwe. Namheshimu mno, na hapo ndipo penye tatizo. Sisi Baluba tuna buko, na buko haina mchezo. Mkwe mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hali chakula mbele yake. Hamtazami usoni. Akimwona anakuja, anaacha njia. Sasa nyumba yetu ina vyumba viwili na mlango mmoja. Yeye akiingia, mimi nitatokea wapi? Dirishani?

Kwa hiyo korongo lazima lisimame. Majirani wanangoja muujiza. Lazare, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa wa mama mkwe, mstaafu wa reli, amejitangaza rais wa kamati ya korongo kwa sababu tu ana megafoni. Kutwa anapiga kelele ukingoni: watu wasisogee! Lakini linalosogea ni korongo, Lazare. Korongo linahitaji mtu wa dosiye, wa majalada. Mimi ni karani wa shule, mtoto wa Wametodisti, najua kuandika barua ya Kifaransa yenye salamu ndefu mwishoni. Mkurugenzi amenipa ruhusa "kwa maafa ya ukweni". Kesho naingia ofisini. Korongo limekwisha!

Jumanne, tarehe 3 Februari

Ushindi wa kwanza! Dosiye imepokelewa.

Naandika maelezo kwa faida ya wajukuu. Kwenye ofisi ya maafa nilimkuta Jérémy, karani mwenzangu, kijana mpole, kalamu sikioni. Alisoma barua yangu yote. Kisha akanieleza kwa adabu kwamba kilicho nyuma ya nyumba ya Mama Mauwa si maafa. Bado ni shimo. Linageuka maafa siku komisyo, tume ya ukaguzi, itakapoliona kwa macho na kuandika kwamba ni maafa. Komisyo haitoki bila ordre de mission, hati ya kutumwa kazini. Ordre de mission inatiwa saini na mkuu, Bwana Yav. Na Bwana Yav yuko Malemba-Nkulu, anathibitisha mafuriko. Nilisema sijasikia mafuriko ya Malemba-Nkulu mwaka huu. Jérémy akasema ni yale ya mwaka juzi, ila ruhusa ya kwenda imetoka juma lililopita.

Anayemkaimu yupo, tena mtu mwenye moyo mzuri. Lakini muhuri umesafiri na Bwana Yav, ndani ya mkoba wake. Hauachi hata akienda kula.

Mtu mwingine angelia. Mimi niliomba waniandikie kwa kalamu kwamba dosiye imefika. Wakaandika! Jérémy ameahidi pia kuja kesho mwenyewe kumwona mhanga, ili mkuu akirudi akute kazi imeiva. Nilirudi kwa miguu nimeishika karatasi juu ya kichwa, nikapita makusudi mbele ya Lazare. Aliuliza nimebeba nini. Sikumjibu. Raha iliyoje!

Jumatano, tarehe 4 Februari

Siku nzuri sana, ukiondoa suti.

Nilifika kwa Mama Mauwa mapema, nimevaa suti ya harusi, ili nimpokee Jérémy kama inavyotakiwa. Nilisimama nyuma ya nyumba, ukingoni, nikilikagua korongo. Mara mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe! Kushoto ukuta wake. Kulia ukuta wa jirani. Nyuma korongo. Heshima ni heshima. Niliruka.

Chini kuna matope ya kutosha. Huko nilisikia kila kitu. Jérémy alifika, akafungua dosiye, akamuuliza Mama Mauwa ni nani aliyempelekea kesi yake ofisini. Mama akasema: "Ni muko wangu njo alipelekaka." Jina lake nani? Jina la mkwe halitamkwi! Mama wa heshima hawezi. Jérémy akambembeleza, akamweleza umuhimu. Mwisho Mama akasema: "Andika Baba ya Ève. Ile jina ingine hapana, kinywa yangu haiwezi." Jérémy akaandika Baba ya Ève.

Ningeweza kupaza sauti na kujitaja. Lakini Mama angejua kwamba mkwe wake yuko chini ya miguu yake, amekaa ndani ya tope. Nilinyamaza kama jiwe. Aliyeniona ni Lazare tu. Akainamisha megafoni, avenue nzima ikasikia: "Weye! Unafanya nini mu shimo yangu?" Nilimpungia mkono anyamaze. Akauliza tena, kwa sauti zaidi. Shimo lake! Tangu lini?

Jérémy alinieleza baadaye, kando ya barabara, huku akinipangusa mgongo. Dosiye inasema mwombaji ni Théo Lumbu. Mhanga anasema mwombaji ni Baba ya Ève. Kwa ofisi hao ni watu wawili. Inatakiwa hati ya kuthibitisha kwamba Théo Lumbu na Baba ya Ève ni mtu mmoja. Nilimuuliza kama yeye hajui buko. Alisema anaijua sana, mama yake ni Muluba, lakini fomu haina mahali pa kuiandika. Nilimshukuru. Sasa najua kinachokosekana, na hiyo ni nusu ya kazi.

Alhamisi, tarehe 5 Februari

Hati inahitaji shahidi. Shahidi lazima awe chef wa avenue ya mhanga. Lazare!!

Nilimkuta barazani anapangusa megafoni. Nilipomweleza shida yangu alifurahi sana, akaagiza niletewe kiti. Alisema yuko tayari kabisa kuthibitisha kwamba mimi ni mtu mmoja, ila dosiye imtaje yeye kuwa rais wa korongo. Nilisema rais ni mimi, ambaye nimefika hata ndani. Akasema: "Minyi niko hapa tangu ile korongo iko mutoto. Weye ulikuyaka jana." Tulibishana mpaka mvua ikatusogeza ukutani. Mbele ya macho yetu mwavokado wa jirani uliingia korongoni taratibu, na matunda yake yote. Tukautazama ukipotea. Kisha tukaendelea.

Makubaliano: Lazare ni rais wa heshima, mimi ni rais mtendaji. Anadhani cha heshima ndicho kikubwa. Maskini! Ametia saini. Hati ninayo mkononi, umebaki muhuri tu.

Éliane anasema mama yake hapandi tena kitandani. Usiku anakaa kitini amevaa viatu, vitu vyake amevifunga kwenye kitenge. Roho iliniuma. Kwa muda hata buko niliisahau, nikamfikiria yeye tu, mama mtu mzima, anasikiliza udongo ukianguka nyuma ya ukuta wake.

Ijumaa, tarehe 6 Februari

Mimi ni mtu wa akili. Naandika hivyo bila majivuno, kwa kuwa leo imeonekana.

Nilikuwa koridoni kwenye ofisi ya maafa, nangoja habari za muhuri. Simu ikalia ndani. Ghafla kila mtu mbio! Fagio. Bendera mpya. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Na nje, sikuamini macho yangu, niveleza! Ile mashine ya kusawazisha barabara, ambayo tangu Noeli tunaambiwa haina mafuta, ikanguruma na kupita mbele yangu. Niliuliza kumetokea maafa gani. Jérémy akacheka, akasema mgeni mkubwa anatua uwanja wa ndege. Mara simu ikalia tena: mgeni ameahirisha. Fagio likawekwa chini. Mashine ikarudi kulala.

Kumbe! Maafa lazima yathibitishwe. Mgeni hathibitishwi. Inatosha atajwe tu!

Mimi sisemi uongo. Baba yangu alifundisha shule ya Jumapili. Nilichofanya ni kusimama pale koridoni, nikaweka simu sikioni, simu ambayo moto wa betri yake uliisha tangu asubuhi, nikauliza kwa sauti: "Ati Mheshimiwa atapita na ku camp ya reli, kesho siku ya posho?" Basi. Ni swali. Kuuliza si dhambi. Milango yote ya koridoni ilifunguka kidogo.

Jioni nilipita sokoni kununua majani ya sombe. Muuza sombe aliniambia, mimi, kwamba Mheshimiwa anafika kesho, atapita camp ya reli kwa miguu, na ataacha umeme. Nilijifanya nashangaa. Nilifanya vizuri sana.

Jumamosi, tarehe 7 Februari

USHINDI! USHINDI!

Mashine ilifika kabla sijamaliza chai. Nyuma yake malori ya mawe. Nyuma ya malori, watu wa manispaa wakitangaza salongo: kila nyumba itoe mtu na jembe! Hakuna aliyeuliza ordre de mission. Hakuna aliyeuliza Baba ya Ève ni nani. Mtu wa protokoli, miwani myeusi, alitazama korongo akasema Mheshimiwa hawezi kuonyeshwa kitu kama hicho, kifungwe. Kikafungwa!

Familia za reli zilinifurahisha kupita kiasi. Walijipanga mstari bila kuambiwa, mmoja anaanzisha wimbo, wote wanavuta kwa pamoja, vilevile walivyokuwa wakisogeza vyuma vya njia zamani. Wakaleta mataruma ya chuma yaliyochakaa, wakayapigilia mdomoni mwa korongo, mawe yakafuata, kisha mifuko ya mchanga, kisha mashine ikashindilia juu. Lazare akapiga kelele siku nzima: "Bamama, mifuko huku! Bapapa, mawe kule!" Kila kitu kilikuwa tayari kinakwenda huko.

Mama Mauwa alikuwa katikati ya mstari, anapokea mawe na kuyapitisha, kitenge kimefungwa kiunoni. Mimi nilifanya kazi upande wa pili wa mashine. Mashine ikisogea nasogea nayo, nisije nikakutana naye uso kwa uso. Dereva alidhani naiba mafuta, akanifukuza mara kadhaa.

Kazi ilipokwisha waliweka kiti cha Mheshimiwa juu ya mawe, juu kabisa ya lililokuwa korongo. Tukangoja. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikazirudia. Watoto wa shule walilala na vibendera mkononi. Mheshimiwa hakuja. Hakuna aliyeshangaa, kwani Waheshimiwa huwa hawaji. Kiti kikarudishwa, watu wakaenda zao wakisifu maandalizi.

Jioni ikaja mvua ya kweli. Nilisimama chini ya paa la jirani, nimejibanza, natazama. Maji yakashuka kwa hasira, yakafika kwenye mawe, yakasita, yakageukia mtaro wa reli. Nyumba ikasimama! Nililia. Naandika wazi: nililia, mtu mzima, chini ya paa la watu. Baadaye binti yetu Ève alirudi kutoka kwa bibi yake na kuku wa mguu mmoja mweusi. Bibi amesema ampe baba yake, na kwamba baba yake anajua sababu.

Jumapili, tarehe 8 Februari

Kanisani nilikaa karibu na njia ya kati, ili nisimame kirahisi nitakapotajwa.

Mchungaji alimshukuru Mungu kwa korongo lililofungwa. Amina! Kisha akamshukuru Lazare. Lazare! "Rais wa korongo." Alisimama, akageuka pande zote, akakaa, akasimama tena kwa walio nyuma. Mimi kimya, kwa sababu nikieleza Mheshimiwa alitoka wapi nitalala polisi. Hata hivyo nilikuwa nimeshafungua kinywa. Éliane alinikanyaga mguu kwa kisigino.

Nyumbani alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi ovyo. Alisema: "Mama analala sasa. Analala muzuri. Unatafuta nini tena?" Nilisema sitafuti kitu. Nilikula kuku bila furaha. Hata mguu mweusi sikuumaliza.

Jumatano, tarehe 11 Februari

Bwana Yav amerudi! Na mkoba! Na muhuri!

Jérémy alinitumia ujumbe, nikatoroka shule mbio. Vyote vimepigwa muhuri. Dosiye. Hati ya kwamba mimi ni mtu mmoja. Hata kona ya bahasha. Bwana Yav alisoma barua yangu, akazisifu salamu za mwisho. Na zaidi ya hayo, naandika kwa herufi kubwa: mwombaji atateuliwa kuwa POINT FOCAL wa maafa wa camp nzima. Point focal, yaani mwakilishi rasmi! Kuna beji ya kuvaa shingoni. Rais wa heshima hana beji.

Limebaki jambo dogo. Komisyo inakuja keshokutwa kuliona korongo. Nilimwambia Jérémy kwamba korongo limefungwa tangu Jumamosi, siku ya posho. Aliinuka akafunga mlango. Akasema bila korongo hakuna maafa, bila maafa dosiye inafutwa, na point focal atakuwa point focal wa nini? Akaniuliza kwa upole kama hakuna hata kipande kilichobaki. Cha kuonyesha tu.

Nimewaza njia nzima. Lile ni korongo la wananchi. Wananchi wamelifunga. Basi mwananchi anaweza kulifungua. Kidogo.

Alhamisi, tarehe 12 Februari

Kazi safi kabisa.

Mama Mauwa alikwenda shambani. Nilianza peke yangu na jembe, kwa utulivu, mawe ya juu tu. Lazare akatokea. Nilidhani ataita avenue nzima. Nikamweleza habari za beji. Akauliza kama kuna beji ya msaidizi. Nikasema kwa nini isiwepo? Akaenda nyumbani, akarudi na koleo.

Tulichimba bega kwa bega. Ni mara ya kwanza tunapatana! Tulitengeneza kipande kizuri, cha mfano. Lazare alirudi nyuma akakitazama, akasema komisyo itacheka. Ni kweli, kilikuwa kidogo, kilionekana kama mtaro wa bafu. Watu watoke ofisini kwao waonyeshwe mtaro wa bafu? Tukaongeza. Mataruma yalikataa kutoka, lakini Lazare alisimamia yakipigiliwa, kwa hiyo alikumbuka lipi lilikuwa la mwisho. Tukalitoa. Mengine yalifuata yenyewe.

Tuliketi ukingoni tukalitazama. Korongo zuri. Linaonekana hata kutoka barabarani! Kesho nitavaa suti, imekauka.

Jumamosi, tarehe 14 Februari

Komisyo haikuja jana. Bwana Yav ameitwa Kabongo kuthibitisha upepo ulioezua mapaa mwaka jana. Ameondoka na mkoba.

Mvua ndiyo iliyokuja. Maji yalifika kwenye kipande chetu cha mfano, yakaikumbuka njia, yakachukua mawe, mifuko, mataruma, na kona nzima ya chumba cha kulala cha Mama Mauwa. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe! Alikuwa ametoka na kitenge chake mapema, kwa kuwa alituona tukichimba wakati anarudi kutoka shambani. Hakusema neno juzi. Hasemi neno leo pia. Angesemaje, na mimi ni mkwe wake?

Yuko kwetu. Chumbani kwetu, kitandani kwetu. Mimi naandika haya nje, kati ya choo na banda la kuku, chini ya bati lililoegemezwa. Chakula napitishiwa dirishani na Ève. Éliane hanisemeshi. Anamwambia Ève, Ève ananiambia mimi.

Lakini sikati tamaa, kwani tumepiga hatua kubwa! Sasa haya ni maafa ya kweli, hakuna wa kuniambia ni shimo. Jérémy alipita kunipa pole, akakaa nami hapa kwenye ndoo. Anasema dosiye yangu ni nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Kuna kasoro moja tu, amehuzunika kuiona: nyumba moja iliyobomoka ni tukio. Maafa huanzia nyumba mbili. Kama kungekuwa na ya pili kwenye mkondo uleule, Bwana Yav angerudi haraka.

Alipoondoka nilitazama nyumba yetu kwa nyuma, pale yanapodondokea maji ya paa. Udongo laini sana. Mtaro tayari upo, mdogo, umeelekea kwenye korongo la mama mkwe. Unahitaji kusaidiwa tu. Nyumba mbili, ukoo mmoja, dosiye moja! Wataleta beji hapahapa.

Nimeazima koleo la Lazare. Éliane ameniona nalo, amefungua dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu jana amenisemesha mwenyewe. Ameuliza koleo ni la nini. Nimemwambia la kuokoa nyumba.